Jinsi ya kutembelea Warsaw: anza na kifusi, ndipo uende Mji Mkongwe

Bibi yangu alizaliwa Tengeru, mkoani Arusha, kabla ya Vita Kuu ya Pili. Ana umri mkubwa kuliko karibu kila nyumba iliyoko Mji Mkongwe wa Warsaw. Ukisimama katikati ya uwanja wa soko wa mji huo, ule wanaouita Rynek, ukazitazama nyumba nyembamba za rangi ya haradali, ya waridi na ya kijani, zenye nakshi juu ya milango, utaapa kwamba zipo hapo tangu enzi za wafalme wa Polandi. Uwanja ule ulifunguliwa upya tarehe 22 Julai 1953. Miaka minane kabla ya hapo palikuwa na vilima vya matofali na kuta chache zilizobaki zimesimama.

Mara ya kwanza nilipofika Warsaw sikulijua hilo. Nilishuka kwenye basi, nikaenda moja kwa moja Mji Mkongwe, nikapiga picha, nikala aiskrimu, na jioni nikajiambia kwamba nimeona mji mzuri kama miji mingine ya Ulaya. Nilikuwa nimeutazama bila kuuona. Mara ya pili nilibadili utaratibu: nilianza kule kunakoelezwa jinsi mji ulivyoangamizwa, ndipo nikaenda kule ulikojengwa tena. Mwongozo huu unafuata utaratibu wa mara ya pili. Tenga siku mbili kamili, tatu ukiweza, na viatu ulivyokwisha kuvizoea.

Kabla ya safari

Kama unaishi Arusha au unapita huko, safari hii ianzie Tengeru. Karibu na Ziwa Duluti, kwenye eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi karibu 150. Kuanzia Februari 1940 serikali ya Kisovyeti iliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia wa mashariki ya Polandi, ikawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 baadhi yao walifanikiwa kutoka kupitia Iran, na kutoka huko maelfu ya wanawake na watoto wakaletwa Afrika Mashariki: Tengeru, Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro kwa upande wa Tanganyika, Masindi na Koja kwa upande wa Uganda. Tengeru ilikuwa kambi kubwa, yenye watu karibu 5,000. Bibi anawakumbuka. Alikuwa akiongozana na mama yake kuwauzia ndizi na maziwa, na hadi leo anawasimulia wale watoto weupe waliotembea peku kama yeye. Wengi wao hawakutoka Warsaw, lakini kisa chao utakikuta Warsaw, mwishoni mwa siku ya pili.

Sasa viza. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo wote wanahitaji viza ya Schengen kuingia Polandi. Polandi ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Uliza mapema maombi ya watu wa nchi yako yanapokelewa wapi, maana si lazima iwe pale palipo karibu nawe. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, lakini usithubutu kusubiri hadi hizo siku 15. Ada tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari iwe inafidia angalau yuro 30,000. Pasi yako iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Watu wengi huangushwa na taarifa ya benki: fedha nyingi zilizoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi huzua maswali, kwa hiyo weka akiba yako polepole kwa miezi kadhaa.

Tiketi za ndege kutoka kwetu kwa kawaida hupitia Istanbul, Doha au Dubai. Chunguza uwanja utakaotua: Chopin uko ndani ya mji, lakini Modlin, unaotumiwa na ndege za bei nafuu, uko karibu kilomita 40 nje.

Msimu unaofaa ni kuanzia Mei hadi Septemba. Mwezi Juni jua linazama karibu saa tatu usiku, na unapata siku ndefu ya kutembea. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na baridi inaweza kushuka chini ya sifuri kwa siku kadhaa mfululizo. Ukiweza kuchagua tarehe moja tu kwa mwaka mzima, chagua tarehe 1 Agosti. Saa 11 kamili jioni ving'ora vinalia, na magari, tramu (treni ndogo za barabarani) na watu barabarani wanasimama kwa dakika moja. Hiyo ndiyo saa yalipoanza maasi ya Wapolandi dhidi ya Wajerumani mwaka 1944. Nilikuwa kwenye kivuko cha barabara siku hiyo, na dereva wa teksi alishuka akasimama kando ya mlango wa gari lake, kofia mkononi.

Kuhusu siku za wiki: makumbusho mawili makubwa nitakayoyataja, ya Maasi na ya POLIN (historia ya Wayahudi wa Polandi), hufungwa Jumanne, na Kasri la Mfalme hufungwa Jumatatu. Jumatano Kasri huwa na kiingilio cha bure, na Alhamisi maonyesho ya kudumu ya POLIN ni bure. Ndiyo maana napendekeza uanze Jumatano. Thibitisha kwenye tovuti zao kabla hujalipia hoteli, kwani siku hizi hubadilishwa.

Kuingia mjini

Kutoka uwanja wa Chopin kuna treni inayokufikisha katikati ya mji kwa chini ya nusu saa, na kuna basi namba 175 linalokwenda hadi karibu na Mji Mkongwe. Usimfuate mtu anayekusogelea ndani ya ukumbi akikunong'oneza "teksi". Mimi nilimfuata mmoja usiku wa safari yangu ya kwanza, nikalipa nauli ambayo ingenitosha kula siku mbili.

Tiketi inunuliwe kwenye mashine, na ukishapanda basi au tramu uigonge kwenye kimashine kidogo cha kupigia muhuri. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi. Ile ya saa 24 inatumika kwenye basi, tramu, treni ya chini ya ardhi na treni za mjini, na inaanza kuhesabika pale unapoigonga.

Fedha yao ni zloti. Badilisha kwenye vibanda vilivyoandikwa "Kantor" vilivyoko mjini, si vya uwanja wa ndege. Ukilipa kwa noti mgahawani na kusema "dziękuję" (jenkuye), yaani asante, mhudumu anaweza kuelewa kwamba chenji umemwachia. Subiri chenji kwanza, shukuru baadaye. Vyoo vingi vya umma havina picha ya mtu mlangoni: mduara ni wa wanawake, pembetatu ni ya wanaume. Plagi zetu za pini tatu haziingii huko, kwa hiyo beba adapta ya pini mbili za duara. Maji ya bomba yananyweka. Jumapili nyingi za mwaka maduka makubwa hufungwa kwa sheria, basi mahitaji yako yanunue Jumamosi.

Na msalimie mtu kabla hujamuuliza kitu. "Dzień dobry" (jen dobri) inatosha. Utakutana na watu wasiotabasamu, usione umechukiwa. Kwao kutabasamu kwa mgeni si desturi kama kwetu, lakini ukipotea mtu huyohuyo aliyenuna atatembea nawe hadi kituoni.

Siku ya kwanza, asubuhi: Wola

Panda treni ya chini ya ardhi, mstari wa M2, ushuke Rondo Daszyńskiego. Dakika chache kwa miguu utafika Makumbusho ya Maasi ya Warsaw, kwenye jengo la matofali mekundu lililokuwa kituo cha kufulia umeme wa tramu. Yalifunguliwa tarehe 31 Julai 2004, siku moja kabla ya kumbukumbu ya miaka 60 ya maasi. Fika yanapofunguliwa, ujipe muda wa saa tatu.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Wajerumani waliivamia Polandi tarehe 1 Septemba 1939 na kuikalia Warsaw kwa zaidi ya miaka mitano. Tarehe 1 Agosti 1944, jeshi la siri la Wapolandi liliinuka ili kuukomboa mji wenyewe kabla Wasovyeti hawajaingia. Walitegemea vita vya siku chache, vikawa vya siku 63. Hapa kwenye mtaa huu wa Wola, kati ya tarehe 5 na 7 Agosti, makumi ya maelfu ya raia waliuawa kwa risasi mitaani na uani kwa nyumba zao. Jeshi la Kisovyeti lilifika ng'ambo ya mto Vistula mwezi Septemba na kusimama hukohuko. Wapiganaji walijisalimisha tarehe 2 Oktoba.

Sehemu inayofuata ndiyo inayoutofautisha mji huu na miji mingine iliyopigwa mabomu. Mapigano yalikwisha, wakazi wakafukuzwa, na ndipo vikosi vya Kijerumani vikaanza kuchoma na kulipua nyumba moja baada ya nyingine, mtaa kwa mtaa, makanisa, maktaba na makasri, kwa miezi mitatu. Hapakuwa na adui wa kupigana naye tena. Mji uliokuwa na watu karibu milioni 1.3 kabla ya vita ulibaki mtupu. Ulipokombolewa tarehe 17 Januari 1945, takriban asilimia 85 ya majengo ya upande wa magharibi wa mto yalikuwa yameharibiwa.

Ndani ya makumbusho usikose mambo mawili. La kwanza ni filamu fupi ya dakika kama tano inayokurusha kama uko ndani ya ndege juu ya Warsaw ya mwaka 1945. Hakuna maneno. Unaona madaraja yaliyoanguka mtoni, na kuta zisizo na paa zikiendelea hadi macho yanapochoka. La pili liko nje, kwenye bustani: ukuta mrefu wa mawe ulioandikwa majina ya wapiganaji zaidi ya 10,000 waliouawa. Ukiwa ndani, soma umri wa waliokufa pale ulipoandikwa kwenye maonyesho. Wengi walikuwa wa rika la wanafunzi wa sekondari.

Ukiwa bado na nguvu, kabla ya kuendelea, tafuta katikati ya mji kijia cha waenda kwa miguu kiitwacho Pasaż Wiecha, nyuma ya maduka ya mtaa wa Marszałkowska. Kuna jiwe dogo la kumbukumbu lililowekwa mwaka 2019 kwa August Agboola Browne, mwanamuziki wa jazi mzaliwa wa Lagos aliyehamia Polandi mwaka 1922. Mwaka 1949 alijaza fomu ya chama cha wapiganaji wa zamani akaandika kwamba alipigana katika maasi kwa jina la siri "Ali". Jiwe ni dogo na watu wanalipita. Simama pale.

Mchana: Mji Mkongwe, polepole

Rudi kwenye M2, ushuke Nowy Świat-Uniwersytet. Ukitoka juu, fuata barabara ya Krakowskie Przedmieście kuelekea kaskazini. Kanisa la Msalaba Mtakatifu liko hapohapo. Ndani yake, kwenye nguzo ya upande wa kushoto, umehifadhiwa moyo wa Chopin, mtunzi wa muziki wa Kipolandi. Nguzo na kanisa viliharibiwa katika maasi, lakini moyo ulikuwa umeondolewa, ukarudishwa Oktoba 1945.

Ukiendelea kutembea utakuta njiani vibao vya kioo vyenye michoro ya zamani. Usivipite. Hiyo ni nakala ya kazi za Bernardo Bellotto, Mwitaliano aliyekuwa mchoraji wa mfalme Stanisław August na kufia Warsaw mwaka 1780. Alichora mitaa ya mji kwa uangalifu mkubwa: madirisha, mabango, hata matope ya barabarani. Vita vilipokwisha, michoro yake zaidi ya 20 iliyonusurika ikawa miongoni mwa vielelezo vya wajenzi. Simama kwenye kibao, tazama mchoro, halafu inua macho. Utaona kanisa lilelile na kona ileile. Kuna jambo la kustaajabisha hapa: mahali pengine mchoraji alirembesha kidogo, na wajenzi wakafuata urembo wake badala ya sura iliyokuwapo mwaka 1939. Kwa hiyo baadhi ya nyumba zimerudi zikiwa na sura ya karne ya 18, sura ambayo hata wazee waliozaliwa mtaani humo hawakuwahi kuiona.

Michoro yenyewe halisi imo ndani ya Kasri la Mfalme, chumba cha Canaletto, jina ambalo Bellotto alijulikana nalo huku.

Mbele ya Kasri ni nguzo ya mfalme Zygmunt, ya mwaka 1644. Iliangushwa Septemba 1944, ikasimamishwa tena mwaka 1949 kwa jiwe jipya. Zunguka nyuma, upande wa Kasri, uone nguzo za zamani zimelala chini kwenye nyasi. Watoto hupanda juu yake. Weka mkono kwenye makovu ya mawe yale.

Kasri liliungua kwa mabomu tarehe 17 Septemba 1939, saa ya mnarani ikasimama saa tano na robo asubuhi. Katika vurugu zile wafanyakazi wa makumbusho, wakiongozwa na Stanisław Lorentz, walikuwa wakiokoa vipande: fremu za milango, mbao za ukutani, michoro. Wajerumani walitoboa kuta matundu ya baruti, na mwaka 1944 wakalipua kilichobaki. Kwa karibu miaka 30 palikuwa uwanja mtupu. Uamuzi wa kujenga ulikuja mwaka 1971, michango ya wananchi ikaingia, na saa ya mnarani ikawashwa Julai 1974 katika dakika ileile iliyosimamia. Kila siku saa tano na robo mpiga tarumbeta hupiga wimbo kutoka mnarani, kwa hiyo kama asubuhi ya siku nyingine uko karibu, njoo usikilize. Ndani ya vyumba, tazama kuta kwa ukaribu: vile vipande vilivyookolewa vimerudishwa mahali pake, vikizungukwa na kazi mpya. Ukishazoea macho unaweza kuvitambua.

Baba yangu ni fundi mwashi, na tangu utotoni alinifundisha kutazama tofali kabla ya rangi. Hiyo ndiyo njia ninayokushauri uutembelee Mji Mkongwe. Nenda kwenye kuta za ngome zinazouzunguka, upande wa mtaa wa Podwale, uchuchumae. Chini kabisa utaona matofali makubwa, meusi kidogo, yasiyolingana, na chokaa nene katikati. Hayo ni ya zamani. Juu yake yanaanza mengine, yaliyonyooka, ya kipimo kimoja. Mstari unaoyatenganisha ndio urefu wa ukuta uliobaki baada ya vita. Nilikaa hapo muda mrefu, nikampigia baba simu ya video, naye akaniambia nisogeze kamera aione ile chokaa.

Matofali mengine yalitoka mbali. Warsaw haikuwa na ya kutosha, yakachukuliwa kutoka miji iliyokuwa ya Ujerumani na kuwekwa chini ya Polandi baada ya vita, hasa Wrocław, na huko kuna majengo yaliyovunjwa ili kutoa matofali hayo. Kaulimbiu ya wakati ule ilikuwa "Taifa zima linajenga mji mkuu wake", na ukipita njia panda ya Nowy Świat na Aleje Jerozolimskie utaikuta bado imeandikwa ukutani. Watu walijitolea kweli, walibeba kifusi kwa mikono. Lakini pia amri ya Oktoba 1945 ilichukua ardhi yote ya mji kutoka kwa wenyewe, na bila amri hiyo ujenzi usingewezekana kwa kasi ile. Migogoro ya familia zilizopoteza viwanja imeendelea hadi miaka yetu hii. Yote mawili ni kweli, na unapaswa kuyabeba pamoja unapotembea humo.

Kutoka Kasri, pita mtaa wa Świętojańska hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana. Kwenye ukuta wa nje, upande wa kichochoro cha Dziekania, kumepachikwa kipande cha mnyororo wa gari la kijeshi la Kijerumani. Kisha endelea hadi Rynek, uwanja wenye sanamu ya nguva mwenye upanga, alama ya mji. Hapo sasa tazama juu. Michoro ya ukutani, ile iliyokwanguliwa kwenye lipu ikaacha rangi ya chini ionekane, ni kazi ya wasanii wa mwaka 1953. Nyuma ya kuta hizo ni nyumba za makazi za wakati huo, zilizogawiwa wananchi. Vibaraza na vijumba vilivyobanana uani kabla ya vita havikurudishwa, na badala yake wakaacha nafasi ya hewa na mwanga.

Mwisho, shuka mtaa wa Brzozowa, namba 11/13, kuna makumbusho madogo yanayoeleza ujenzi huu tu. Ni chumba kimoja cha chini ya ardhi, wageni wengi hawakijui, na kwangu mimi ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote. Utaelewa jinsi ofisi ya ujenzi wa mji iliyoanzishwa Februari 1945 ilivyofanya kazi, na jinsi michoro ya vipimo iliyofanywa na wanafunzi wa usanifu kabla ya vita ilivyofichwa nje ya mji na kunusurika. UNESCO iliuweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, na kilichotambuliwa hasa ni kazi hiyo ya kuujenga upya. Mtu akikuambia "huu mji ni wa bandia", mpeleke Brzozowa.

Chakula

Tafuta mgahawa unaoitwa "bar mleczny". Ni migahawa ya bei nafuu iliyobaki tangu zamani: unasoma ubao, unalipa, unasubiri kuitwa dirishani. Pierogi ni maandazi membamba ya kuchemsha yenye kitu ndani, na aina ya "ruskie" ina viazi na jibini. Kwa Mwislamu, angalizo: mara nyingi hunyunyiziwa juu yake vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Sema "bez skwarków" kabla hawajapakua. Supu ya żurek karibu kila mara ina soseji ya nguruwe. Naleśniki ni chapati za maji zenye jibini tamu au jamu, na mimi nilizila asubuhi zote.

Siku ya pili: mahali palipokuwa geto

Siku hii haina majengo ya kupendeza. Nenda asubuhi, ukiwa umelala vizuri.

Anza mtaa wa Sienna namba 55. Uani, katikati ya nyumba ambazo watu wanaishi, kuna kipande cha ukuta wa matofali, kirefu kuliko mtu. Novemba 1940 Wajerumani walifunga kwa ukuta kama huu eneo la kilomita za mraba tatu hivi, wakawasukuma ndani Wayahudi zaidi ya 400,000; hilo ndilo geto. Kibao kinaeleza kwamba matofali mawili yaliyokosekana yalipelekwa makumbusho ya Washington. Zungumza kwa sauti ya chini, juu ya kichwa chako kuna dirisha la jikoni la mtu.

Kutoka hapo kuelekea kaskazini, tembea ukitazama chini. Kwenye lami na njia za miguu kuna mistari ya chuma iliyoandikwa "MUR GETTA 1940–1943". Ndiyo mipaka ya ukuta. Utaivuka mara nyingi, mingine iko katikati ya barabara yenye magari.

Makumbusho ya POLIN yanasimulia miaka 1,000 ya Wayahudi katika Polandi, na nakusihi usikimbilie chumba cha vita. Tumia saa mbili kwenye karne zilizotangulia, masoko, shule, magazeti, ili ujue ni maisha gani yaliyokatwa. Mbele yake ni mnara wa Mashujaa wa Geto, kazi ya Natan Rapoport ya mwaka 1948, ambapo tarehe 7 Desemba 1970 Willy Brandt, kansela wa Ujerumani Magharibi, alipiga magoti. Tarehe 19 Aprili kila mwaka, siku yalipoanza maasi ya Wayahudi wa geto mwaka 1943, watu hugawiwa maua ya karatasi ya njano kubandika kifuani. Ukipewa, vaa.

Mtaa unaouzunguka unaitwa Muranów. Ulivunjwa hadi usawa wa ardhi, kifusi kikawa kingi kiasi kwamba hakikuwezekana kuondolewa. Msanifu Bohdan Lachert akajenga juu yake, kwa matofali yaliyotengenezwa kwa kifusi hichohicho kilichosagwa. Ndiyo maana utaona nyumba zimekaa juu ya tuta na ngazi za kupanda hadi mlangoni. Nilihesabu ngazi za nyumba moja, zilikuwa tisa. Mama mmoja alikuwa akipandisha mkokoteni wa mtoto, nikamsaidia. Chini ya ngazi zile kuna mtaa mwingine, na watu waliokufa ndani yake wengi hawakufukuliwa kamwe.

Mtaa wa Stawki, dakika kumi kutoka hapo, kuna kuta nyeupe za kumbukumbu ya Umschlagplatz, uwanja walikokusanywa Wayahudi wa geto. Kuanzia tarehe 22 Julai 1942 watu zaidi ya 250,000 walipandishwa treni hapa kupelekwa kambi ya mauaji ya Treblinka. Ukutani kuna majina ya kwanza tu, ya kawaida, kwa alfabeti. Usipige picha yako mwenyewe hapo.

Kutoka Stawki endelea mashariki hadi mtaa wa Muranowska. Katikati ya barabara utaona behewa la wazi la reli limejaa misalaba, na miongoni mwake alama za dini nyingine, likiwa juu ya mataruma. Ni kumbukumbu ya walioangamia mashariki, iliyozinduliwa tarehe 17 Septemba 1995. Kila taruma limeandikwa jina la mahali. Hili ndilo behewa la watu wa Tengeru. Mtaa wa jirani umepewa jina la jenerali Anders, ambaye jeshi lake ndilo lililotoka Umoja wa Kisovyeti mwaka 1942 likiwa na raia wale, wakapita Iran, wakashuka hadi Mombasa na Tanga na kupandishwa hadi chini ya Mlima Meru.

Nilipiga picha ya mataruma nikamtumia bibi kwa simu ya binamu yangu. Aliuliza kama makaburi ya pale yana wa kuyafagia. Nikamjibu kwamba pale hakuna makaburi, ni majina tu.

Kituo cha tramu cha kurudi katikati ya mji kiko hatua chache kutoka hapo, na kinaitwa Muranowska.